Je, Wajua? Yai Moja na Kijiko cha Kitani

Je, wajua kwamba kuna mbegu iliyopewa sifa ya kuwa yai la wasiokula mayai? Ni mbegu ya kitani, ile ndogo bapa ya kahawia inayong'aa, ambayo madukani huuzwa kwenye pakiti kwa jina la flaksi. Sifa hiyo ni ya haki upande mmoja tu. Yai lina kazi mbili: moja ni ya bakulini kwa mwokaji, nyingine ni ya mwilini kwa mlaji. Ile ya kwanza kitani huifanya vizuri hata ukashangaa. Ile ya pili hakiiwezi, ingawa kina mambo yake ambayo yai nalo haliyawezi kabisa.

Je, wajua "yai" hilo hutengenezwaje? Saga mbegu, chukua kijiko kimoja cha mezani cha unga wake, tia maji vijiko vitatu, koroga, kisha uache kwa dakika 10. Utakuta ute unaovutika kama mrenda. Kiasi hicho hushika nafasi ya yai moja kwenye keki ya ndizi au biskuti. Ute wenyewe hutoka kwenye ganda la mbegu, ambalo lina sukari za minyororo mirefu zinazonywa maji na kuvimba.

Mbegu nzima ukizitafuna harakaharaka hupita tumboni na kutoka zilivyoingia. Ganda lake ni gumu kwa meno yenye pupa. Zisage. Usizipeleke kwenye kinu cha posho, maana zina mafuta mengi na mwenye kinu hatakupenda. Mashine ndogo ya kusagia viungo au kinu cha mchi vinatosha.

Je, wajua yai hufanya kazi ngapi ndani ya keki? Si moja. Ute wake ukipigwa hunasa hewa na keki ikaumuka. Kiini kina lesithini, ambayo hupatanisha maji na mafuta yasitengane. Kisha protini zake hushikana kwa joto: ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za selsiasi, kiini kwenye 65 na kuendelea, na hapo ndipo keki husimama. Kitani hushikisha unga na kutunza unyevu, basi. Hakigandi kwa joto wala hakinasi hewa ya maana. Kwa hiyo keki nzito ya karoti au ya ndizi itakubali. Keki laini ya mayai sita ya harusi itakuaibisha mbele ya wakwe. Na asikudanganye mtu kuhusu kukaanga kitani kama yai la macho.

Ukitaka keki isiyo na yai iumuke, tafuta maziwa lala na magadi kidogo. Asidi ya maziwa ikikutana na magadi hutoa gesi, na gesi ndiyo hewa uliyoikosa kwenye ute wa yai.

Je, wajua ndizi moja mbivu hufanya kazi hiyohiyo ya kushikisha? Robo kikombe cha ndizi iliyopondwa huchukua nafasi ya yai moja. Huhitaji pakiti ya kutoka ng'ambo. Utakachopata ni utamu na harufu ya ndizi, jambo ambalo kwa keki nyingi si hasara.

Chapati haihitaji yai. Mahamri ya Pwani husimama kwa hamira na tui la nazi. Mandazi mengi ya kibandani hayajawahi kuonja yai, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Je, wajua kwamba keki zisizo na yai zimeokwa Nairobi miaka mingi kabla mtu hajataja flaksi? Wahindu wengi wa Kigujarati na Wajaini, wakiwemo Waoshwal, ambao familia zao zimekuwa nchini tangu enzi za reli, hawali mayai kwa imani yao. Waokaji wa mjini walijua mapema kwamba mteja huyo ana watoto, na watoto wana sikukuu za kuzaliwa. Maziwa ya kopo, maziwa lala, magadi na siki ndivyo vilivyotumika zaidi.

Sasa tuje kwenye mizani, kwa sababu hapa ndipo maneno ya mtaani na hesabu hugombana. Yai kubwa likimenywa lina uzito wa gramu 50 hivi. Ndani yake mna protini gramu 6 na ushei, mafuta karibu gramu 5 na nishati ya kalori 72 hivi. Nyuzinyuzi hakuna hata chembe. Kijiko cha mezani cha kitani kilichosagwa ni gramu 7, na kina protini gramu 1.3, mafuta gramu 3, kalori 37 na nyuzinyuzi karibu gramu 2. Aliyetoa yai akaweka kijiko hicho amebaki na protini moja ya tano ya ile aliyokuwa nayo. Keki itatoka nzuri, mwokaji atasifiwa, na mwili utakuwa umepunjwa bila kelele.

Je, wajua ungehitaji vijiko vingapi ili ufikie protini ya yai moja? Vitano hivi, karibu gramu 34. Vijiko hivyo vina kalori zaidi ya 180, mara mbili na nusu ya yai, pamoja na nyuzinyuzi gramu 9 kwa mpigo. Tumbo lisilozoea litafanya mkutano wa hadhara.

Hata hizo protini si sawa. Protini ya yai ina asidi za amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, tena kwa uwiano mzuri kiasi kwamba wataalamu wa lishe wameitumia kwa miaka mingi kama kipimo cha kupimia nyingine. Protini ya kitani imepungukiwa na laisini.

Je, wajua vitamini B12 haipatikani kwenye kitani hata ukila gunia? Haipatikani kwenye mmea wowote kwa kiasi cha kutegemewa. Yai moja lina karibu nusu ya mikrogramu, na mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku. Upungufu wa B12 huja polepole: uchovu, ganzi ya vidole, kusahau, damu kupungua. Asiyekula nyama, maziwa wala mayai anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na hilo si la kubishania kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kolini nayo ina hesabu yake. Hiki ni kirutubishi kinachosaidia ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Yai kubwa lina miligramu 147 hivi. Mjamzito anashauriwa kupata 450 kwa siku. Kijiko cha kitani kina miligramu 5 au 6. Na kolini ya yai karibu yote iko kwenye kiini, pamoja na vitamini A na D. Wanaotupa kiini wakala ute hutupa mali na kubaki na mfuko.

Mpaka hapa yai linaonekana limeshinda kwa mabao mengi. Subiri kidogo.

Je, wajua kijiko kimoja cha kitani kilichosagwa kina gramu 1.6 za omega-3 ya mimea? Hicho ndicho kiasi ambacho mwanamume anashauriwa kupata kwa siku nzima, mwanamke 1.1. Yai la kawaida halikaribii hapo. Magnesi ya kijiko hicho ni miligramu 27 hivi, yai lina 6. Nyuzinyuzi tumeshazitaja, na ndizo zinazolainisha choo na kushusha kolesteroli kidogo. Zaidi ya hayo, kitani ndicho chakula kinachojulikana kuwa na lignani nyingi kupita vyakula vingine vya kawaida. Lignani ni kemikali za mimea zinazofanana kwa mbali na homoni za kike, na utafiti juu yake bado unaendelea.

Mwaka 2013, watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 110 wa mishipa ya damu ya miguu. Waliopewa gramu 30 za kitani kilichosagwa kila siku walikuwa na presha ya chini kuliko wenzao baada ya miezi 6: namba ya juu kwa takriban 10, ya chini kwa takriban 7. Hilo si jambo dogo. Lakini gramu 30 ni vijiko vinne kila siku, na wagonjwa hao walikuwa chini ya uangalizi wa daktari. Anayemeza dawa za presha asiziache kwa sababu amenunua pakiti.

Sasa, je, wajua kwamba omega-3 ya kitani si ile ya samaki? Ile ya mimea ni mnyororo mfupi. Ubongo na macho hutaka mnyororo mrefu uitwao DHA, na mwili wa binadamu hubadilisha kiasi kidogo mno. Kwa wanaume huwa chini ya asilimia 1. Wanawake walio kwenye umri wa kuzaa huwazidi kidogo. Anayetaka DHA bila safari ndefu, omena zimejaa sokoni.

Na kuna kiumbe anayeifanya kazi hiyo ya kubadilisha vizuri kuliko sisi: kuku. Kuku wa mayai wakilishwa mbegu za kitani, sehemu ya omega-3 hiyo hugeuka DHA na kuwekwa kwenye kiini. Ndiyo siri ya yale mayai ya bei ya juu yaliyoandikwa omega-3. Kwa hiyo mbegu na yai hazina haja ya kushindana. Moja inaweza kupitia ndani ya nyingine. Tahadhari kwa mfugaji: kitani kikizidi kwenye chakula cha kuku, yai hunukia samaki na kuku hupungua uzito, kwa sababu mbegu mbichi ina kemikali inayopinga vitamini B6. Lishe nyingi za kuku Kenya tayari zina omena, na omena nazo hupitisha DHA kwenye kiini. Pia harufu, mchanganyaji akizidisha mkono.

Je, wajua rangi ya ganda haisemi chochote kuhusu lishe? Kahawia au nyeupe ni urithi wa kuku. Rangi ya kiini hutokana na chakula: mahindi ya manjano, sukuma wiki, majani ya kunde, nyasi za shambani. Kienyeji anayerandaranda shambani Mwala au Kathiani, hapa Machakos, ana kiini cha rangi kali kwa sababu hiyo. Kuku wa gredi akipewa majani naye hubadilika. Protini ni ileile.

Yai likielea majini limezeeka: maji yamevukia nje kupitia ganda, na nafasi ya hewa imekua. Likilala chini, bado bichi.

Kijana wa jimu anayemeza mayai mabichi asubuhi ajue hili: mwili hufyonza karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na karibu nusu tu ya la bichi. Ute mbichi pia una avidini, ambayo hukamata biotini isifyonzwe. Chemsha, ndugu.

Je, wajua majirani zetu wa Ethiopia wamekuwa wakila kitani siku za kuacha mayai tangu zamani sana? Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo lina mifungo mingi: Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, Kwaresima ya siku 55, na mingineyo. Kwa muumini wa kawaida siku hizo hupita 180 kwa mwaka. Hakuna nyama, maziwa, siagi wala yai. Ndipo telba huletwa. Mbegu za kitani hukaangwa kikavu mpaka zianze kupasuka na kunukia, husagwa, kisha unga hukorogwa na maji. Wengine hutia asali wakanywa. Wengine hutia chumvi na pilipili, wakamwagia injera iliyokatwakatwa.

Jambo la kujifunza liko kwenye sahani yenyewe. Mla telba wa Addis Ababa haiiti yai. Kando yake ameweka shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, na pengine adesi. Protini ameitafuta kwenye shiro. Telba imemletea mafuta na ulaini wa tumbo. Kila chakula kimepewa kazi kinayoiweza. Huku kwetu tunachukua kitu kimoja cha kwenye pakiti, tunakitwisha mizigo yote, kisha tunashangaa kikianguka.

Je, wajua hapa Machakos shiro yetu tunayo, ila haijatiwa kwenye pakiti ya kupendeza? Gramu 100 za ndengu kavu, ambazo Watanzania huziita choroko, zina protini karibu gramu 24. Kunde zina karibu hizo. Mbaazi karibu 22. Kitani? 18. Ndengu, kunde na mbaazi hustahimili ukame, zote humea Ukambani, na zote huuzwa kwa kopo sokoni. Wanaotaka kuacha mayai kwa imani, kwa mzio au kwa mfuko, waanzie hapo. Kitani kiwe nyongeza.

Isyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kunde au mbaazi, hufanya jambo ambalo kitani peke yake hakiwezi. Mahindi yamepungukiwa na laisini, maharagwe yanayo. Maharagwe yamepungukiwa na methionini; mahindi yanayo. Vikikutana sufuriani, protini yake husogea karibu na ya yai. B12 bado haitakuwemo, tumeshakubaliana.

Kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, kilizalisha mahindi ya Katumani miaka ya 1960, yanayokomaa mapema kabla mvua haijakatika. Kituo hichohicho ndicho kilichotoa maharagwe ya KAT B1 na KAT X56, na mbaazi ya KAT 60/8. Ukiulizwa mchango wa Machakos kwa protini ya Kenya, jibu hilo.

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda. Ni laini, huiva kabla ya isyo, na wageni huupenda. Lakini nyuzinyuzi nyingi zimebaki kinuni pamoja na sehemu ya vitamini B1. Hapo kijiko cha kitani kwenye uji wa asubuhi kina kazi ya kweli, kwa kuwa kina vyote viwili. Wala usimlaumu aliyekoboa: kukoboa hupunguza sumukuvu, kwa sababu ukungu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha mbegu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwagonjesha watu 317 mashariki mwa Kenya na kuwaua 125. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, na Machakos ilikuwemo.

Funzo hilo ni la mbegu zote. Zikaushe, zihifadhi pakavu, zikinuka uvundo zitupe. Na usiwatupie kuku. Sumukuvu hupunguza utagaji wao.

Je, wajua mafuta ya kitani ndiyo yaliyotumika kwa karne nyingi kuchanganyia rangi za wachoraji na kupaka mbao? Yakikutana na hewa hukauka yakawa utando mgumu. Sifa hiyo nzuri kwa seremala ni mbaya kwa mpishi: kitani kilichosagwa huchacha upesi. Nunua mbegu nzima, saga za wiki moja, weka kwenye chupa yenye kifuniko, kwenye friji kama unayo. Ukionja uchungu, limekwisha hilo. Mafuta yake usikaangie kitu.

Mihogo na kitani ni ndugu kwa jambo moja. Vyote vina linamarini, kemikali inayoweza kutoa sayanidi. Kwenye mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, sumu hiyo imewalemaza watu miguu kwa ugonjwa wa konzo, ulioelezwa na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938 na ambao umeonekana pia Tanzania na Msumbiji. Kitani kwa kijiko kimoja au viwili kwa siku hakijaonekana kumdhuru mtu mzima mwenye afya, na kukaanga au kuoka hupunguza kemikali hiyo. Na Waethiopia, kumbuka, hukaanga kwanza.

Je, wajua Kenya iliwahi kupagawa na kitani? Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mabawa ya ndege yalivikwa kitambaa cha kitani. Urusi, mkulima mkuu wa zao hilo, ikaingia kwenye mapinduzi mwaka 1917, na bei ikapaa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ikaanza kuwagawia wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani ardhi iliyokuwa ya Waafrika, na wengi wao walikimbilia kupanda kitani. Kufikia 1921 bei ilikuwa imeanguka na walowezi kadhaa walikuwa wamefilisika. Walitaka nyuzi za shina. Mbegu hazikumshughulisha mtu.

Wazimu wa pili wengi wetu tunaukumbuka: kware. Mwaka 2013 mayai yake yalitangazwa kuwa tiba ya kisukari, presha, pumu na mengine ambayo gazeti la familia haliyataji. Watu walipiga foleni kutafuta kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, wakajenga vizimba, wakakopa. Kabla 2014 haijaisha soko lilikuwa limekufa na kware wameishia kwenye sufuria. Yai la kware ni dogo, matano hivi ndiyo sawa na la kuku mmoja, na gramu kwa gramu lishe yake haiko mbali na hilo la kuku. Nikiona kitani kikiuzwa kwa kutajwa kama tiba ya kila kitu, mimi hukumbuka vile vizimba vitupu.

Je, wajua yai moja lina miligramu 186 hivi za kolesteroli? Zamani Wamarekani waliambiwa wasizidishe 300 kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote. Miongozo yao ya lishe ya 2015 iliacha kutaja kiwango hicho. Kwa watu wengi, kinachopandisha kolesteroli ya damu zaidi ni mafuta yanayoganda. Yai la kuchemsha lenye kachumbari pale steji na yai lililoogelea kwenye mafuta ya chipsi si mlo mmoja. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo aulize kliniki yake idadi inayomfaa.

Kitani huliwa na maji mengi. Kikavu kinaweza kuvimba na kuziba njia ya chakula. Dawa za kumeza zitangulie kwa saa moja, maana ute wake huweza kuchelewesha ufyonzaji. Mjamzito asizidishe kabla ya kuzungumza na muuguzi wake.

Je, wajua Buganda ya zamani wanawake hawakula mayai wala kuku? Ilikuwa mwiko. Mwanamke alimfuga kuku, akampika, akamwandalia mume. Miiko ya namna hiyo ilikuwepo kwenye jamii nyingi za Afrika Mashariki, na ikiangaliwa kwa makini, iliwanyima yai walewale waliolihitaji zaidi: mama na mtoto.

Kuhusu mtoto, hapa sitanii. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo kutoka nyanda za juu za Ecuador: watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6, kuanzia umri wa miezi 6 hadi 9, walipungua udumavu kwa karibu nusu wakilinganishwa na wenzao. Jaribio kama hilo lilirudiwa Malawi, na huko ukuaji wa kimo haukubadilika. Wengi wa watoto hao walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa hiyo yai si muujiza. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa kuanzia miezi 6 apewe kila siku vyakula vya wanyama, yai likiwemo, na Kenya bado ina watoto wengi waliodumaa: asilimia 18 ya walio chini ya miaka mitano, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022. Mtoto huyo usimbadilishie yai kwa kitani. Tumbo lake ni dogo, na nyuzinyuzi zitalijaza kabla lishe haijafika. Mwenye mzio wa mayai ni habari ya daktari. Wengi wao huupita mzio huo wakikua.

Je, wajua kinachoondoa mayai kwenye sahani za Machakos mara nyingi si bei wala imani, ni kideri? Ugonjwa huu wa virusi huweza kufagia kuku wa kienyeji wa boma zima kwa siku chache. Hauna tiba. Chanjo ipo, hutengenezwa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI kwa jina la AVIVAX, na hutiwa tone moja jichoni. Tatizo la mwenye kuku wanane ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wake, na ikishachanganywa haikai. Lazima iishe ndani ya saa chache. Basi ongeeni na majirani wa kijiji, mchange fedha, mwite mhudumu wa mifugo siku moja, mchanje kuku wote asubuhi hiyohiyo, na mrudie kila baada ya miezi mitatu au minne.